Daftari la Biashara Yako Linalala Wapi Usiku?

Tukiulizwa mauzo ya leo yako wapi, kila mmoja wetu ana jibu. Yako kwenye simu, yako benki, au yako kwenye lile kopo ambalo baba watoto hajui lilipo. Lakini tukiulizwa kumbukumbu za biashara ziko wapi, yaani orodha ya wadeni, vipimo vya wateja wa kushona, bei ya mzigo uliopita, malipo ya awali ya keki ya harusi ya Jumamosi, wengi wetu tutaonyesha daftari moja lililochanika jalada, au simu moja yenye kioo kilichopasuka. Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya daftari hilo na simu hiyo.

Fedha ikiibwa inauma, lakini angalau tunajua ni kiasi gani kimekwenda. Kumbukumbu zikipotea, hata hasara yenyewe hatuwezi kuihesabu. Mama anayetoa vitenge kwa mali kauli akipoteza daftari, anabaki kumtazama kila mteja usoni na kujiuliza kama huyu alimaliza au bado. Akimdai asiyedaiwa, anamuudhi rafiki wa miaka mingi. Akinyamaza, mtaji unakwisha kimyakimya, na ada ya shule haimngoji akumbuke.

Sisi tuliosomea uuguzi tulikaririshwa msemo mmoja tangu mwaka wa kwanza chuoni: kisichoandikwa hakikufanyika. Dawa uliyompa mgonjwa saa nne usiku, kama haipo kwenye chati, mwenzako wa zamu inayofuata anaweza kumpa tena. Na chati hiyo hata iandikwe kwa mwandiko mzuri namna gani, isipopatikana siku mgonjwa anaporudi, haina faida. Ndiyo sababu masjala ya hospitali ina rafu, ina namba, na ina utaratibu wa nani achukue faili na lirudi lini. Mama lishe au mwenye saluni hahitaji masjala, lakini utaratibu wa namna hiyo anauhitaji kwa kipimo chake.

Tuanze na mahututi

Wagonjwa wakiletwa wengi kwa pamoja, hatuwahudumii kwa kufuata nani alitangulia mlangoni. Tunaanza na yule ambaye asipohudumiwa sasa hivi hatafika kesho. Hebu fanya hivyo na kumbukumbu zako. Chukua karatasi, orodhesha kila kitu ambacho biashara yako inakiandika au kukipiga picha, kisha mbele ya kila kimoja jiulize: hiki kikipotea usiku wa leo, kesho asubuhi nitashindwa kufanya nini?

Utaona kwamba madeni na malipo ya awali ya wateja ndiyo mahututi. Hayo hayawezi kutengenezwa upya, kwa kuwa nusu ya ukweli uko kwa mtu mwingine ambaye huenda asipende kukukumbusha. Zinafuata hesabu za mali iliyoko stoo na namba za simu za wateja na wauzaji wa jumla. Leseni, namba ya mlipa kodi na mkataba wa pango vikipotea, nakala huweza kuombwa kwa wahusika, ingawa kwa usumbufu. Picha 3,000 za mitindo ya nywele zinaweza kusubiri benchi. Tunasema hivi kwa sababu tumeona simu nyingi zinazolalamika kila siku kwamba nafasi imejaa, na mwenye simu anafuta meseji za malipo ili apate nafasi ya video za kwaya. Tunazipenda kwaya, lakini meseji ya malipo ni ushahidi.

Na je, vitunzwe kwa muda gani? Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Kenya nao, kwa sheria yao ya taratibu za kodi ya mwaka 2015, wanataka miaka 5. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Risiti ya mashine ya EFD haina wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto la mashine, na kwa hiyo jua la dirishani, mafuta ya mikono au kukaa ndani ya jalada la plastiki huweza kufifisha maandishi yote. Karatasi ya namna hiyo hutumika pia kwenye baadhi ya mashine za kupima mapigo ya moyo, na hospitalini kipimo muhimu hutolewa fotokopi kabla ya kuwekwa ndani ya faili. Risiti ya jokofu la dukani kwako, au ya cherehani mpya, ipige picha au itoe fotokopi siku hiyohiyo. Ukingoja mwaka wa tatu utakuwa umetunza karatasi nyeupe.

Kikoba kilitutangulia

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni wanayoiita 3-2-1. Ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyekuwa akitafuta njia ya kutopoteza picha zake. Inasema hivi: kila kitu muhimu kiwe na nakala 3, zikae kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 ilale nje ya jengo zilipo nyingine.

Mama aliyekaa kwenye kikoba hatashangazwa na kanuni hii. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku ulianza Nijeri mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na kutoka huko ukasambaa mpaka kwetu. Tazama ulivyopangwa. Sanduku lina kufuli 3, na funguo zinashikwa na wanachama 3 ambao si wa nyumba moja. Kila mwanachama ana kitabu chake kinachopigwa mihuri ya hisa. Na kabla sanduku halijafungwa, baki la fedha linatangazwa mbele ya wote, ili mkutano ujao wanachama walitaje kwa mdomo kabla ya kuhesabu. Basi kuna maandishi, na kuna vichwa vya wanachama 20 au zaidi vinavyorudi kulala nyumba mbalimbali. Katibu akitaka kubadili tarakimu moja gizani, atawabadili wangapi? Wanawake wengi wasiojua kusoma wametunza hesabu zao namna hiyo kwa miaka, bila umeme.

Ajabu ni kwamba mama huyohuyo, akitoka kikobani, biashara yake mwenyewe ameiweka yote ndani ya simu moja.

Sehemu ya kulala nje ya jengo ndiyo inayopuuzwa zaidi. Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliwaka moto usiku wa 10 Julai 2021, saa ambazo wafanyabiashara wako majumbani kwao. Nakala ya daftari iliyokuwa ndani ya droo ya kibanda hichohicho ingekuwa na faida gani? Wala tusidhani haya ni ya masoko yetu tu. Mwaka huohuo, tarehe 10 Machi, moto uliteketeza jengo la kompyuta za kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kampuni ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu data. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala za akiba, lakini nakala hizo zilikuwa palepale Strasbourg, zikaungua pamoja na za kwanza.

Hata wale wenye duka kubwa lenye kompyuta ya mauzo tungewaomba wasikie hili. Fundi anaweza kukufungia diski mbili ndani ya kompyuta moja, kila kinachoandikwa huku kiandikwe na kule. Ni jambo jema, diski moja ikifa kazi inaendelea. Lakini kijana wa dukani akifuta hesabu za mwezi kwa bahati mbaya, zitafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Na mwizi akibeba kompyuta, amezibeba zote.

Mama mzazi aliyeokoa filamu

Kuna kisa kimoja cha kweli tunachopenda kuwasimulia akina mama wanaodhani mambo haya ni ya wanaume. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa katikati ya kutengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, ambayo huenda watoto wako wameitazama. Mtu mmoja kazini akatoa amri ya kufuta kwenye kompyuta, mahali pasipotakiwa. Watu waliokuwa wakifanya kazi wakaona sehemu za filamu zinatoweka mbele ya macho yao, kofia ya mhusika mmoja, kisha viatu, kisha mhusika mzima. Kampuni ilikuwa na mtambo wa nakala za akiba. Walipoufungua, wakakuta haukuwa ukifanya kazi vizuri kwa muda, na hakuna aliyekuwa amejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu kurudisha kitu kutoka humo.

Basi mkuu mmoja wa mambo ya ufundi, mama aitwaye Galyn Susman, akakumbuka jambo. Alikuwa amejifungua karibuni, na ili aweze kufanya kazi huku akimnyonyesha na kumlea mtoto, alikuwa na kompyuta nyumbani iliyokuwa ikipokea nakala ya filamu. Wakaenda kwake, wakaifunga kompyuta ile kwa mablanketi, wakailaza kwenye kiti cha nyuma cha gari na kuifunga mkanda, wakaendesha polepole mpaka ofisini kama watu wanaomrudisha mzazi kutoka wodini. Sehemu kubwa ya kazi ikapatikana. Filamu ilionyeshwa Novemba 1999.

Wengine husimulia kisa hiki kama bahati. Sisi tunaona mambo mawili ndani yake. Nakala iliyookoa ni ile iliyolala nyumba nyingine. Na nakala iliyoshindwa ni ile ambayo haikupimwa. Hospitalini mtungi wa oksijeni hukaguliwa kila zamu ingawa hakuna anayeuhitaji saa hiyo, kwa kuwa geji ikisoma sifuri mgonjwa akiwa ameshaanza kutweta, umechelewa. Kwa hiyo mara moja kila miezi 3, ichukue nakala yako ya akiba na uifungue kwenye simu au kompyuta nyingine. Je, picha za kurasa zinasomeka? Je, ukurasa wa mwezi uliopita upo? Kazi hii ni ya dakika 10.

Flashi, diski na wingu

Flashi ni rahisi kununua, na ni rahisi zaidi kuipoteza. Huhifadhi data kwa chaji ndogo sana za umeme, nazo zinaweza kuvuja flashi ikikaa miaka bila kutumika. Ukiichomoa kompyuta ikiwa bado inaandika, faili huweza kuharibika. Zipo pia za bandia, zilizoandikwa ukubwa usiokuwamo, ambazo hupokea mafaili yako bila kulalamika na kuyapoteza. Basi flashi iwe ya kusafirishia na ya nakala ya pili, isiwe nyumba pekee. Diski ya nje huchukua mengi zaidi, lakini ile ya kuzunguka ina sahani ndani yake na sindano inayopita juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ikianguka kutoka mezani, mara nyingi ndiyo mwisho wake. Mahali pa kuiweka si kando ya birika la chai.

Wingu ni kompyuta za kampuni nyingine, mara nyingi katika nchi nyingine, zinazofikiwa kwa intaneti. Faida yake ni kwamba nakala inalala mbali bila wewe kupanda daladala. Google huwapa watumiaji GB 15 bila malipo, zinazotosha kabisa kurasa za daftari za miaka mingi kama hukuzijaza video. Hata hivyo jihadhari na mambo machache. Tangu Desemba 2023, Google huweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka 2, kwa hiyo ile akaunti uliyofunguliwa na kijana wa dukani uliponunua simu, ambayo hata jina lake hulijui, si mahali pa kutegemea. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua au ikatoweka kabisa sehemu nyingi za Tanzania na majirani zake. Siku ya namna hiyo mwenye daftari la karatasi aliendelea kuuza. Ndiyo maana hatuwaambii wenzetu watupe daftari.

Tena kuna wezi wasioingia kwa mlango. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilisambaa duniani, kikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Hospitali nyingi za Uingereza zilipatwa. Miadi ikafutwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine, wauguzi wakarudia kalamu na karatasi. Dawa ya kukizuia ilikuwa imetolewa tangu Machi, miezi 2 kabla, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Kwa hiyo simu au kompyuta ikikuomba ikubaliwe kujisasisha, usiiahirishe kila siku. Na ile diski ya nje ichomolewe ukimaliza kunakili, kwa kuwa kirusi kinaweza kufika kwenye chochote kilichounganishwa.

Sasa, kwa mwenye biashara ndogo, utaratibu unaotosha ni upi? Sisi tungeshauri daftari gumu liendelee kuwa mama wa yote. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kupiga pasi nguo za kesho, piga picha kurasa za wiki hiyo mchana ungalipo au chini ya taa nzuri, kila ukurasa peke yake. Zipakie kwenye akaunti yako mwenyewe yenye neno la siri gumu na uthibitisho wa hatua mbili. Mwisho wa mwezi zinakili kwenye flashi, ipeleke kwa dada yako au shangazi, uchukue ile ya mwezi uliopita urudi nayo. Flashi mbili zinapishana. Yape mafaili majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2025-06-28 mauzo, nayo yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Faili liitwalo "mpya ya mwisho kabisa" litakusumbua.

Siri za watu

Kwenye daftari lako kuna namba za simu za watu, kuna madeni yao, kwa fundi cherehani kuna hata upana wa viuno vyao. Muuguzi hatoki na habari za mgonjwa wodini akazimwaga sokoni, na mfanyabiashara naye ana wajibu wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Mtindo wa kubandika orodha ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp, ili waone aibu walipe, tunauona ni mbaya hata kabla ya kuifikia sheria. Mama anayedaiwa ana watoto wanaosoma simu yake.

Kabla hujauza simu au kumpa mdogo wako, hamisha kumbukumbu, toa kadi, kisha irudishe katika hali ya kiwandani. Ikienda kwa fundi, toa kadi ya kumbukumbu na laini. Na ukigundua umefuta kitu muhimu, acha kupiga picha na kupakua vitu mara moja. Kilichofutwa mara nyingi bado kipo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Angalia kwanza kapu la taka. Google Drive, kwa mfano, hukiweka humo siku 30.

Ukilazwa, nani atafungua?

Hili tumelihifadhi kwa kuwa ndilo tunalokutana nalo wodini. Analetwa mama, mfanyabiashara anayejulikana mtaa mzima, amepata kiharusi. Upande wa kulia haunyanyuki na maneno hayatoki. Simu yake inaita mfululizo: kuna wateja waliotanguliza fedha, kuna mzigo bandarini au stendi, kuna binti wa dukani anayeuliza auze kwa bei gani. Mume amesimama kando ya kitanda na simu mkononi, hajui namna ya kuifungua, na mgonjwa anamtazama tu, machozi yanamtoka. Tumeiona picha hii zaidi ya mara moja. Anachohitaji wakati huo ni utulivu, na biashara yake inamnyima.

Baadhi ya wenzetu huona vigumu kumwonyesha mume hesabu, na sababu zao wanazijua wenyewe. Hatuwalaumu. Basi na awe dada, au mwanao mkubwa, au mwenzako wa kikoba unayemwamini. Namba ya siri ya fedha si ya kugawa. Unachoandika ni mahali daftari lilipo, mahali flashi iliko, neno la siri la akaunti yenye picha za kurasa, majina ya wauzaji wako wa jumla, na watu waliotanguliza malipo wanaotakiwa kupigiwa simu kwanza. Tia kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, weka sahihi yako juu ya mfungo ili ikifunguliwa ijulikane, umkabidhi mtu huyo aitunze pamoja na vyeti vyake. Andika tarehe kwenye kona ya bahasha, na kila unapobadilisha neno la siri, mpelekee mpya na uichane ya zamani.